Shabaha ya Karatasi na Shabaha ya Kweli: Fundisho la Historia kwa Mgambo wa Kasulu na Kibondo

Ulinzi wa taifa lililojikomboa si kazi ya kukodishwa. Taifa linaloweka usalama wake mikononi mwa wageni, au mikononi mwa kikundi kidogo kilichotengwa na wananchi, limekwisha kutoa nusu ya uhuru wake. Hilo Chama chetu kilikwisha kulisema, na historia imelithibitisha. Lakini kusema kwamba wananchi ndio walinzi wa nchi ni mwanzo tu wa kazi. Swali linalofuata ni gumu zaidi: mwananchi huyo amefundishwa nini, na tunajuaje kwamba amejua?

Katika makala hii tunataka kulichunguza swali hilo kwa kutazama jambo moja ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni mafunzo ya shabaha. Tunalitazama kwa macho ya wilaya za nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka kwao mwaka 2012. Sababu ya kuchagua huko ni wazi. Mwanamgambo wa Manyovu au wa Kakonko hahitaji kuhadithiwa mpaka ni nini. Anauona akitoka nje ya nyumba yake.

Hoja yetu ni hii: mafunzo ya shabaha yanayomzoesha mtu kupiga karatasi, mahali tulivu, kwa umbali anaotajiwa, na kisha kumpa alama za kufaulu, yanawadanganya watu wawili kwa pamoja. Yanamdanganya mwanamgambo kuhusu uwezo wake, na yanamdanganya kiongozi kuhusu ulinzi wa wilaya yake. Na kati ya udanganyifu huo miwili, wa pili ndio wenye hatari zaidi.

TULIKOTOKA

Wazee wetu hawakuwa wageni wa silaha. Mwindaji wa Heru, wa Muhambwe au wa Buyungu alijifunza upinde porini, mahali ambapo mnyama hasimami kungojea, upepo hugeuka, na umbali hausomwi kwenye kibao. Aliyekosa alirudi nyumbani mikono mitupu. Hapakuwa na mtu wa kumwandikia alama za kumfariji.

Historia ya upinzani dhidi ya ukoloni inatoa fundisho hilohilo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo katika Uhehe, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kilivamiwa kikiwa safarini. Kilikuwa na bunduki za kisasa na mizinga. Wahehe walikuwa na mikuki zaidi kuliko bunduki. Lakini wapiganaji wa Mkwawa walijificha karibu na njia, wakangoja, kisha wakaingia katikati ya msafara kwa umbali ambao bunduki ya kupiga mbali haina tena faida yake. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na mamia ya bunduki yakaangukia mikononi mwa Wahehe. Hatusemi kwamba mkuki unashinda bunduki. Majimaji ya 1905 hadi 1907 yalitufundisha kwa uchungu kwamba haiwi hivyo kila siku. Tunasema kwamba silaha nzuri mikononi mwa mtu aliyejiandaa kwa vita vya aina nyingine ni mzigo tu.

Mkoloni alipokwisha kutawala, aliwanyang'anya wananchi silaha na kuwafanya watu wa Buha kuwa hazina ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Vijana wa Kasulu na Kibondo walisafiri kwenda Tanga na Morogoro kama manamba. Wachache waliopewa bunduki walipewa katika jeshi la Keya, lililoundwa mwaka 1902, na shabaha ya jeshi hilo ilikuwa kulinda himaya ya watu wengine. Katika jeshi la namna hiyo utii ulikuja mbele ya fikira. Askari aliyepiga kwata vizuri na kung'arisha vifungo alionekana askari bora.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Keya ya Tanganyika ilibadilishwa jina ikawa Tanganyika Rifles, lakini jina peke yake halikubadili moyo wa jeshi. Maasi ya tarehe 20 Januari 1964 katika kambi ya Colito yalionyesha kwamba tulirithi jengo lenye ufa. Ndipo jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kambi ya Colito ikaitwa Lugalo. Wale waliochagua jina hilo walijua walichokuwa wakikisema: tangu siku ile jeshi lingetafuta mizizi yake kwa wananchi waliopigana kwa ajili yao wenyewe.

MWONGOZO NA MPAKA

Mnamo Novemba 1970 wavamizi wa Kireno na vibaraka wao walishuka pwani ya Conakry kutaka kuipindua Guinea. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda. Februari mwaka huohuo TANU ilitoa Mwongozo. Waraka huo haukuishia kulaani ubeberu. Ulisema kwamba ulinzi ni kazi ya umma, na kwamba wananchi hawana budi kufundishwa mgambo kote nchini, viwandani na vijijini. Miaka minne baadaye Sheria ya Vijiji ya 1975 ikaweka kamati ya ulinzi na usalama miongoni mwa kamati za halmashauri ya kijiji. Hivyo ulinzi ukaketi meza moja na kilimo, elimu na ujenzi.

Kwa Kigoma, maneno hayo hayakuwa nadharia hata kidogo. Mwaka 1972, mwaka uleule wa Operesheni Kigoma ambapo wananchi walikuwa wakihamia katika vijiji vipya, mauaji makubwa yalitokea Burundi. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kwetu. Mwaka uliofuata majeshi ya Burundi, kwa kisingizio cha kuwafuata waasi, yalivuka na kushambulia vijiji vya mpakani vya mkoa wetu, hata kwa ndege. Wananchi wa Tanzania waliuawa. Wafanyakazi wa bandari wakajibu kwa kukataa kugusa mizigo ya Burundi, na serikali ya Micombero ikalazimika kukubali kulipa fidia.

Tunalikumbusha tukio hilo kwa sababu linauliza swali ambalo uwanja wa shabaha wa siku zile haukuliuliza. Mwanamgambo aliyefundishwa kulala kifudifudi na kupiga duara jeusi katikati ya karatasi nyeupe afanye nini ndege inapokuja juu ya migomba? Akimbilie wapi? Awaondoe kwanza watoto, au alenge? Mafunzo yaliyomfikisha kwenye karatasi na kumwacha hapo yalikuwa yamefanya nusu ya kazi na kuiita kazi nzima.

MTIHANI WA KAGERA

Mtihani mkubwa ulikuja mwishoni mwa Oktoba 1978, Amin alipoivamia Kagera. Jeshi letu, lililokuwa na watu wapatao 40,000, liliongezwa kwa muda mfupi likapita 100,000, na sehemu kubwa ya waliojiunga ilikuwa wanamgambo kutoka mikoani. Wakulima waliacha majembe, wakaenda. Ushujaa wao hauna mjadala, na ushindi wa tarehe 11 Aprili 1979, Kampala ilipokombolewa, ni ushindi wao pia.

Lakini Chama kinachojiheshimu hakifichi makovu ya ushindi wake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hebu tutazame mambo mawili.

La kwanza ni Lukaya. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201, ambayo wengi wa askari wake walikuwa wanamgambo wasiozoea vita, ilikuwa katika barabara inayokatiza kinamasi kuelekea Kampala. Majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin yakaifyatulia roketi. Roketi hizo zilipita juu ya vichwa vya watu wetu na kuanguka nyuma yao. Hata hivyo mshindo wake ulitosha: wengi walivunja safu, wakakimbia. Wanamgambo hao walikuwa na bunduki na walikuwa na nia. Kitu walichokosa ni mazoea ya kufikiri ndani ya kelele. Usiku ule uongozi ukaagiza Brigedi ya 208 igeuke, na alfajiri ya tarehe 11 ikapiga kutoka ubavuni, huku Brigedi ya 201 ikikusanywa tena na kusonga kutoka mbele. Adui akashindwa vibaya. Angalieni vizuri: watu walewale waliokimbia jioni walipigana asubuhi. Hawakuwa waoga. Walikuwa watu walioingia kwenye mtihani ambao hawakuwahi kuonyeshwa mfano wake.

La pili ni la uchungu zaidi. Katika siku za mwanzo za vita, karibu na Musoma, mizinga yetu ya kutungulia ndege iliangusha ndege tatu za kivita zilizokuwa zikirudi Mwanza. Ndege hizo zilikuwa zetu. Marubani watatu wakafa. Wapigaji wale hawakukosa shabaha, walipiga sawasawa. Kosa lao lilikuwa la kutotambua. Kutokana na msiba huo tunapata kanuni ambayo tutairudia hapa chini: kupiga ni nusu ya shabaha, na nusu ya kwanza ni kujua unampiga nani.

WENGINE WALIJIFUNZAJE

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa nchi maskini peke yake. Uingereza ilikuwa na chuo cha bunduki huko Hythe tangu 1853. Lakini katika vita vya Afrika ya Kusini vya 1899 hadi 1902, askari wake walipata taabu kubwa mbele ya wakulima wa Kikaburu waliozoea kuwinda, waliojificha nyuma ya mawe na kupima umbali kwa jicho. Baada ya aibu hiyo ndipo Waingereza wakayageuza mafunzo yao. Kufikia 1914 askari wao wa kawaida alitakiwa kupiga risasi 15 za kulenga kwa dakika moja katika umbali wa yadi 300. Mabeberu nao hujifunza, ndugu wasomaji, na huwa wanajifunza wakishapigwa.

Urusi ya Kisovieti ilichukua njia nyingine. Chama cha hiari cha Osoaviakhim, kilichoanzishwa 1927, kilipeleka mafunzo ya bunduki viwandani na mashuleni, na tangu 1932 waliofaulu walivishwa beji ya mpiga shabaha wa Voroshilov. Nguvu ya mpango ule ilikuwa kuufanya ulengaji kuwa elimu ya watu wengi. Lakini beji ina hatari yake pia: mtu anaweza kuanza kuifukuza beji na kuusahau ulinzi.

Marekani, baada ya Vita Kuu ya Pili, iligundua kwamba askari wake walikuwa wakifundishwa kwa duara za karatasi za umbali mrefu, hali mapigano mengi ya bunduki hutokea ndani ya mita 300, dhidi ya mtu anayeonekana kwa sekunde chache kisha akatoweka. Katikati ya miaka ya 1950 wakaleta mpango walioupa jina la Trainfire: sanamu zenye umbo la mtu, zinazochomoza ghafla kwa umbali usiotajwa na kuanguka zikipigwa. Mwandishi wao mmoja, S. L. A. Marshall, alikuwa amedai mwaka 1947 kwamba askari wengi hawakufyatua kabisa risasi vitani. Wanahistoria waliokuja baadaye wametilia shaka tarakimu zake, nasi hatuzitegemei. Lakini mabadiliko ya uwanja wa shabaha hayakuhitaji tarakimu hizo. Yalihitaji tu kukubali jambo ambalo kila aliyepigana alilijua.

Fundisho tunalolipata si kuiga mitambo ya Wamarekani. Ubepari hupenda kutuuzia mashine mahali tunapohitaji fikira. Fundisho ni kwamba kila jeshi lililosogeza mafunzo yake karibu na vita lilifanya hivyo kwa kuuliza swali moja: watu wetu watakutana na nini, na wapi?

ARDHI YA BUHA INASEMAJE

Basi tuiulize ardhi yetu. Nyanda za juu za Kasulu ni nchi ya vilima, mabonde na migomba. Ukishuka kuelekea Malagarasi, na ukielekea Kibondo, unaingia katika miombo, na masika yakishanyesha nyasi zinapita kichwa cha mtu. Katika nchi kama hiyo ni mara chache mtu kuonekana kwa mita 300 kwenye tambarare. Huonekana kwenye ukingo wa shamba kwa mita 50, au ng'ambo ya bonde kwa umbali ambao jicho hulikosea.

Chukueni bunduki aliyoizoea mwanamgambo, SAR, yenye risasi 10, au SMG, yenye risasi 30. Zote mbili hutumia risasi ya milimita 7.62 inayotoka kwenye mtutu kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Hupanda kidogo kisha hushuka. Kilengeo kikiwekwa kwa mita 300, risasi itapita sentimita 30 hivi juu ya pale palipolengwa inapokuwa katikati ya safari yake. Mtu aliyezoea karatasi ya mita 300 peke yake, akikutana na mtu aliyechomoza kichwa na mabega kwa mita 150, anaweza kulenga vizuri kabisa na kupitisha risasi juu ya kichwa. Atasema bunduki ni mbovu. Bunduki ni nzima. Mafunzo ndiyo mabovu.

Ongezeni mteremko. Anayepiga kutoka mlimani kwenda bondeni, au kutoka bondeni kwenda mlimani, kwa mteremko wa nyuzi 30 na umbali wa mita 300, risasi yake huvutwa na ardhi kama ya umbali wa mita 260 tu. Asiyejua hilo hupiga juu. Ongezeni mwendo. Mtu anayekimbia kwa kukatiza mbele yako huenda kama mita 5 kwa sekunde. Risasi ikichukua theluthi ya sekunde kufika mita 200, yeye amekwisha kusogea mita moja na nusu. Ongezeni pumzi. Mwanamgambo aliyepanda kilima mbio moyo wake unapiga kama ngoma, na ncha ya mtutu inacheza. Ongezeni giza.

Hakuna hata moja kati ya mambo haya linaloonekana kwenye karatasi iliyobandikwa mahali tambarare, saa nne asubuhi, mpigaji akiwa amelala juu ya turubai, amepumzika, na mwalimu anamwambia umbali. Karatasi hiyo ina kazi yake, nayo ni kurekebisha kilengeo na kumfundisha mwanzo. Kosa ni kuifanya mwisho.

NANI YUKO MBELE YA MTUTU?

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo, nacho ni cha kisiasa kabla ya kuwa cha kijeshi.

Ni watu gani hasa waliovuka mpaka wa Kasulu na Kibondo katika miaka hii yote? Wavamizi walivuka, na hatuwezi kusahau 1973. Majambazi wenye bunduki za vita walivuka pia, wakawasumbua wananchi barabarani na vijijini. Lakini waliovuka kwa wingi kuliko wote ni wanyonge. Walivuka 1972. Walivuka baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993. Walivuka kutoka Kongo mwaka 1996, na Nyarugusu ikaanzishwa Kasulu. Walivuka tena 2015, na Nduta ya Kibondo ikajaa. Wengi walikuja usiku, kimya, wamejitwika mizigo, wakijificha vichakani kwa sababu waliogopa bunduki za walikotoka na hawakujua bunduki za walikokuwa wakienda.

Kwa mlinzi aliyelala handakini, mtu anayenyemelea kichakani usiku ana umbo moja tu. Karatasi yenye duara imemfundisha kwamba kila kinachotokea mbele yake ni cha kupigwa. Hapo ndipo mafunzo yasiyo ya kweli yanapoacha kuwa upungufu na kuwa hatari. Mama aliyebeba mtoto mgongoni na jambazi aliyebeba gunia wanafanana gizani kwa mita 60. Anayejua kupiga tu atapiga. Aliyefundishwa sawasawa atangoja, atamwamuru asimame, atamwita mwenzake, atatazama mikono.

Kati ya Warundi waliokimbia mwaka 1972, ambao wengi wao waliingilia Kigoma kabla ya kupelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, zaidi ya 160,000 pamoja na watoto wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Hebu tulifikirie jambo hilo kwa utulivu. Kivuli kilichovuka usiku ule ni raia mwenzetu leo. Analima, anapiga kura, na mwanawe yumkini amevaa sare ya JKT. Risasi moja ya haraka ingetunyima hayo yote, na ingetuachia damu ya mtu asiye na hatia mlangoni mwetu. Msimamo wa nchi yetu juu ya ukombozi na utu wa Mwafrika hauwezi kuwa wa hotubani tu. Lazima ufike mpaka kwenye kidole kilichoko kwenye bunduki.

Kwa hiyo tunasema: uwanja wa shabaha wa kweli katika Kasulu na Kibondo ni ule ambao baadhi ya sanamu zake ni za watu wasiopaswa kupigwa. Sanamu moja na bunduki, nyingine na jembe, nyingine na mtoto mgongoni. Anayepiga isiyostahili asipunguziwe alama chache. Ahesabiwe kuwa ameshindwa, arudi mwanzo.

PINGAMIZI

Wapo ndugu watakaosema: haya ni mazuri, lakini risasi ni ghali, na mwanamgambo ni mkulima mwenye shamba. Pingamizi hilo ni la haki, na tusilijibu kwa kelele. Kiwanda cha Mzinga cha Morogoro kilijengwa katika miaka ya 1970 ili tujitegemee, lakini kujitegemea kwa risasi si ruhusa ya kuzichezea.

Jibu letu ni kwamba sehemu kubwa ya uhalisi haigharimu risasi. Kupima umbali kwa jicho ng'ambo ya bonde, kisha kuhesabu hatua kwa miguu ili kujisahihisha, kunahitaji asubuhi moja na daftari. Kulenga na kufyatua bunduki iliyohakikishwa kuwa tupu, sarafu ikiwa imewekwa juu ya mtutu isianguke, kunahitaji subira ya mwalimu. Kupanda kilima mbio kisha kulenga kunahitaji kilima, na Buha haina upungufu wa vilima. Sanamu za watu hutengenezwa kwa maboksi na mabua, na huinuliwa kwa kamba na mtu aliyeketi salama ndani ya handaki refu. Kelele hutengenezwa kwa risasi baridi na madebe. Na hata risasi za moto zikiwa 10 tu kwa mtu, ni afadhali 3 zirekebishe kilengeo na 7 zipigwe kwa umbali usiotajwa, kuliko zote 10 kumalizikia kwenye duara moja.

Pingamizi la pili halisemwi kwa sauti, lakini ndilo lenye nguvu zaidi. Mafunzo ya kweli huleta alama mbaya. Wilaya iliyozoea kuandika kwamba karibu wote wamefaulu itaanza kuandika kwamba nusu wameshindwa, na yupo kiongozi atakayeona hiyo ni aibu yake. Hapa tunakutana na ugonjwa wa zamani: takwimu za kumfurahisha mkubwa. Ugonjwa huu tuliuona katika taarifa za mavuno ambayo ghala halikuyaona, na katika vijiji vilivyostawi kwenye karatasi. Katika kilimo ugonjwa huo huleta njaa. Katika ulinzi huleta Lukaya ya jioni, bila uhakika wa kuipata Lukaya ya asubuhi.

Mwongozo ulimkataza kiongozi kuwa na kiburi na majivuno mbele ya wananchi. Sisi tunaongeza: taarifa ya uongo kuhusu uwezo wa mgambo ni aina ya majivuno ambayo wananchi huyalipia kwa damu. Alama mbaya zilizopatikana kwa haki ni mali ya wilaya. Zinaonyesha mahali pa kufanyia kazi.

JUKUMU LETU

Hali imebadilika tangu miaka ile. Tangu 1992 nchi yetu ni ya vyama vingi, na wanajeshi si wanachama wa chama chochote. Mgambo wa leo, chini ya Jeshi la Akiba, ni wa taifa zima, na ndivyo inavyopasa. JKT kwa mujibu wa sheria, iliyosimamishwa 1994, ilirudishwa 2013, na kambi za Kanembwa na Mtabila zimekuwa shule za vijana kutoka kila mkoa, katika ardhi ileile iliyowapokea wakimbizi. Kazi ya Chama si kushika bunduki. Kazi ya Chama ni kuhakikisha kwamba siasa ya ulinzi wa umma inaeleweka, kwamba viongozi wake katika vijiji na kata hawashangilii gwaride wakasahau maarifa, na kwamba mkulima anayetoa siku zake kwa mafunzo hapotezewi siku hizo.

Askari wana msemo wao wa miaka mingi: jasho jingi mafunzoni, damu kidogo vitani. Tunaukubali, na tunauongezea neno moja. Jasho lenyewe liwe la kazi ya kweli. Mtu anaweza kutoka jasho siku nzima akipiga kwata, na jioni akawa hajui umbali wa kilima kilicho mbele ya kijiji chake.

Basi katika kila mazoezi ya mgambo ya Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko, kiongozi anayealikwa kufunga mafunzo asiridhike na kutazama safu zilizonyooka. Amwite mwanamgambo mmoja, amwonyeshe mti ulio ng'ambo ya bonde, amwulize ni mita ngapi. Kisha amwulize: usiku, ukimwona mtu anashuka pale na mzigo kichwani, utafanya nini? Majibu ya maswali hayo mawili yatamwambia juu ya ulinzi wa wilaya yake zaidi ya taarifa yoyote atakayosomewa.